Mwasi wa Sebuleni

Utoto wangu kule Suma ulikuwa na mzungu mmoja wa karatasi, nami nilimwogopa kuliko fimbo ya mwalimu. Baba alimnunua mnadani Kiwira: nakala iliyochapwa ya picha ya kuchorwa, bwana mwenye masharubu, kola ya lesi na upanga. Muuzaji alimwambia huyo alikuwa mtoto wa ukoo mkubwa, tena mwasi, alimkatalia mfalme wake mbele ya watu. Baba akamtundika sebuleni, kifua mbele.

Bibi, mama yake baba, alipokuja kutusalimu kutoka Kisiba, akashika kiuno. "Mwasi hatundikwi ndani, mwanangu. Macho yake yatawaingia, na nyumba hii itaasi."

Tulicheka, lakini mimi sebuleni nilipita mbio, maana kila nilikokwenda yale macho yalinifuata. Mama peke yake hakumwogopa. Kila asubuhi alimfuta vumbi, taratibu, kama anamnawisha mtoto uso.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, babu akaja na bibi, na neno moja: msichana abaki, achume chai. Baba, ambaye hakuwahi kumpinga mzee wake, akainamisha kichwa. Mama naye angesema nini? Kwa mila yetu ya Kinyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akimwona njiani huingia migombani kujificha. Tangu aolewe, mama hakuwahi kukaa chumba kimoja na babu. Mimi na yeye tulikuwa nyuma ya pazia la sebuleni, mimi nalia, yeye kanishika mkono.

Ghafla mama akaniachia, akasukuma pazia, akaenda kusimama chini ya picha.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mtoto ataenda shule. Chai nitachuma mimi."

Jamani! Babu alijifunika uso kwa kofia. "Mwambieni atoke!"

"Nitatoka akiruhusiwa."

"Aende! Aende huko shuleni, mradi huyu atoke!"

Bibi akapiga makofi. "Si niliwaambia? Macho yameshaingia!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama alitozwa jogoo kwa kuvunja mila, akamtoa huku anaimba.

Leo mimi ni mwalimu, na picha iko sebuleni kwangu, Tukuyu mjini, rangi imefifia. Bibi alisema kweli, nyumba yetu iliasi, nami ndiye niliyefaidi. Binti yangu naye humpita mzungu yule mbio. Juzi nilimshika mkono, nikamsimamisha pale pale chini ya picha, nikamwambia, "Hapa ndipo bibi yako aliposimama."