Msalaba Katikati ya Ngao

Mama yangu alikuwa na msalaba wa shaba aliotoka nao kwao Mitwaba, mzito, mweusi kwa uzee, umefungwa ndani ya kipande cha kitenge ambacho sikuwahi kukifungua. Ndio baba yangu alioutoa kwa wakwe zake alipomwoa, na babu alipofariki ukawa wa mama. Kila alipoumwa kidogo tu aliniambia: “Siku nitakufa, utaniwekea hii pa kifua.” Nilimjibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeitikia rozari, kisha nikarudi kwenye cherehani yangu.

Nilikuwa nashona na kudarizi katika mtaa wa Kamalondo, na unyenyekevu sikuwa nao. Ofisi moja ya serikali iliponiletea kazi ya kudarizi ngao ya mji kwenye kitambaa cha meza ya wageni, nilishangaa tu kwamba walichelewa kunijua. Karatasi ya mchoro ilikuwa imekunjwa miaka mingi hadi katikati pamefutika. “Pale iko musalaba ya mukuba,” karani aliniambia, yaani wa shaba, akaenda zake.

Msalaba! Nani angenifundisha msalaba, mimi niliyelelewa na masista? Niliudarizi vizuri sana kwa uzi wa rangi ya shaba: mikono miwili mifupi, mguu mrefu, sawasawa na ule wa altareni.

Miaka ile misalaba ilikuwa imeshushwa kutoka kuta za shule kwa amri ya serikali, iliyotaka turudie mambo ya asili yetu, na majina yetu ya ubatizo tumeyafungia kabatini. Mkubwa wa karani alipokuja kukagua, aliinama juu ya kitambaa, akanyooka polepole, akaniita mwananchi kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo.

“Citoyenne, unatuletea padiri mu bureau?”

Watu walikuwa wameitwa kujieleza kwa mambo madogo kuliko hilo. Mama, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, uani, alisikia. Aliingia chumbani, akatoka na kile kifurushi cha kitenge, akakifungua juu ya meza yangu.

“Mutoto alikosa, papa. Angalia, hii njo ya mukuba. Haiko ya padiri, iko ya bankambo.”

Ulikuwa na mikono minne iliyo sawa, imetanuka kama mtu aliyelala chali akajinyoosha. Mama akamweleza bila haraka: bankambo, yaani mababu, walichoma mawe ya kijani kwa makaa, kwenye tanuru la udongo wa kichuguu, wakamimina shaba kwenye kalibu; kwa misalaba hiyo watu walinunua majembe, wakaoa, na wengine wakazikwa nayo. Nilisikiliza kwa aibu. Nimezaliwa chini ya moshi wa kiwanda cha shaba, mji mzima tunakula kwa shaba, na umbo hilo sikulijua.

Yule mkubwa alifurahi mno. “Voilà! Hii njo authentique! Tutaikamata kidogo, bageni baione, kisha tutairudisha.”

Mama aliniangalia. Neno langu moja lingetosha. Nilinyamaza, kwa sababu niliogopa, na kitambaa chenye kosa kilikuwa changu. Akaufunga tena msalaba kwenye kitenge, akampa kwa mikono miwili.

Nilifumua, nikadarizi upya. Ngao ilisifiwa. Msalaba haukurudi. Nilikwenda kuuliza mara tatu, nne: karani kahamishwa, mkubwa kahamishwa, kabati halina ufunguo. Kila niliporudi mama aliuliza, “Balirudisha?”

“Bado, mama.”

“Basi, batarudisha.”

Hakunilaumu hata siku moja, na heri angenilaumu.

Kilichorudi ni kitambaa, kila mwaka kabla ya sherehe za chama tawala, nikifue na kushona pindo. Kilikuwa nyumbani kwangu wiki ile mama alipofariki.

Wanawake walipomaliza kumwosha, nilichukua mkasi, nikaukata msalaba uliokuwa katikati ya ngao. Nikamwekea kifuani, chini ya kitenge chake kipya, mikono yote minne imenyooka. Wadogo zake waliniona, wakaendelea kumfunga kilemba.

Baada ya matanga nilitia kiraka kwenye lile tundu, na juu yake nikadarizi msalaba mwingine: mikono mifupi, mguu mrefu. Nilikipeleka ofisini mwenyewe. Kilitandikwa mezani, sherehe baada ya sherehe, wakubwa wakanywa bia juu yake, na hakuna hata mmoja aliyetambua. Msalaba wa mji ulikuwa umekwenda na mama.