Ndege Yangu Ilisimama Makambako

Jamani, mimi siku hizi nikikutana na mtu wa darasa letu najifanya nafunga kamba za viatu, na leo nasimulia mwenyewe maana mkiisikia kwa wengine watawaongezea chumvi (na chumvi yenyewe ilishatosha).

Aliyeniponza ni Elvis. Alihamia shuleni kwetu hapa Mlandege akitokea Mbeya, na hakuja kwa basi kama binadamu wengine, alikuja kwa ndege, uwanja wa Songwe kule kwao mpaka uwanja wa Nduli huku kwetu, na wiki nzima habari ikawa hiyo tu, mara mawingu, mara mkanda unafungwaje. Ningevumilia. Ila Tumaini, niliyekaa naye meza moja tangu kidato cha kwanza, mtu aliyekuwa anacheka vichekesho vyangu hata vile vibovu, alibeba kiti chake mchana kweupe akahamia kwa Elvis. Wivu ulinibana mpaka makande ya mchana yakanishinda kula.

Sasa kipindi cha jiografia madam akatupimisha kwa rula kwenye ramani, Songwe mpaka Nduli, ikatoka kama kilomita mia tatu.

"Elvis, mlitumia muda gani?"

"Hata saa moja haikufika, madam."

Darasa zima, "Aaah!" Tumaini akampiga begani utadhani ndiye rubani. Hapo mdomo wangu ukaniacha.

"Mbona kidogo? Mimi nilipanda hiyo hiyo, masaa manne!" (Kwa akili zangu, ndege ya masaa manne ni kubwa kuliko ya saa moja.)

Madam akaniita mbele niwasimulie wenzangu. Haya, masaa manne utayajaza na nini? Mimi njia ninayoijua ni ya basi la kutoka kwa shangazi Mbeya, basi nikaanza, tumeondoka Songwe, tumeipita Igawa, tumegawiwa soda, mawingu kulia, mawingu kushoto, na nikaona Tumaini ananiangalia mimi, siyo Elvis, utamu ukanikolea, nikaendelea kwa raha zangu, "tulivyofika Makambako tukasimama dakika kumi, watu wakashuka vichakani kuchimba dawa."



"Walishuka?" madam akauliza taratibu.

"Ndiyo, madam. Wanaume kulia, wanawake kushoto." (Hiyo sijui kwa nini niliiongeza.)

Darasa likalipuka. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Konda, begi langu liko kwenye buti!" Madam alijifunika uso na ramani, mabega yanatikisika. Elvis peke yake ndiye aliyejaribu kuniokoa, "Labda yake ilikuwa nyingine, madam," na huruma yake iliniuma kuliko vicheko vyote. Tumaini alikuwa anafuta machozi.

Mapumziko nikamwona Tumaini anakuja kwenye meza yetu. Nikasogeza madaftari yangu nimpishe nafasi. Kumbe alifuata daftari lake alilolisahau.

"Dereva," akasema, "mimi nashukia Ipogolo." Akaondoka zake.

Nimeapa, fiksi za safari basi tena, hata nikipanda ndege kweli nitanyamaza. Ila kinachoniuma ni kwamba wiki nzima ile sikumwambia Tumaini hata mara moja, "Oya, rudi bwana." Hiyo niliionea aibu. Nikaona bora nikashushe abiria Makambako mbele ya darasa zima.