Kiuno Kilichohamia Kijijini

Kabla ya Operesheni Vijiji, kiuno cha Benedikta kilijulikana na watu wawili tu, yeye mwenyewe na mumewe Athanasi. Mji wao ulikuwa peke yake kilimani, ng'ambo ya Nkoma, na jirani wa karibu ungemwita mpaka koo likauke asikusikie. Maumivu yalimwanza alipomzaa Luhaga, na sasa Luhaga alikuwa anampita baba yake kwa kimo. Kila alfajiri, akijiinua kitandani, Benedikta aliguna "Yoo mayu!" akimlilia mama yake kwa sauti yote aliyojaliwa na Mungu. Ng'ombe waligeuza masikio, Athanasi akachukua kibuyu kwenda kukamua, siku ikaanza.

Mwaka sabini na nne lori likaja. Likapakia milango, kuku, vyungu, watoto na kiuno, likavishusha vyote kwenye kijiji kipya ambako nyumba zilipangwa mstari mmoja kama wanafunzi kwenye gwaride. Ukuta wa Benedikta ukatazamana na ukuta wa Mashimba, balozi wa nyumba kumi, ambaye usingizi wake ulikuwa mwepesi na moyo wake mzito wa madaraka.

Alfajiri ya kwanza Benedikta akaguna kama alivyozoea. Kabla hajamaliza kuvaa, mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Athanasi! Mwache mama wa watu!"

Mashimba alisimama uani na wanaume kadhaa nyuma yake, mmoja bado anafunga shuka. Athanasi akatokea upande wa zizi, kibuyu mkononi, povu la maziwa kwenye ndevu.

"Unampigia nini mkeo asubuhi yote hii?" balozi akauliza.

"Nampiga? Mimi nilikuwa nakamua!"

"Ulimpiga kwanza, ukaenda kukamua."

Benedikta akatoka akiwa ameshikilia mwimo wa mlango. "Baba, hajanigusa. Ni kiuno."

"Kiuno kimefanya nini?"

"Kinauma tu, duhu."

Mashimba akatazama wanaume wake, nao wakamtazama yeye. Kesi waliyokuja nayo ilikuwa imekufa, na mtu hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. "Gashi, kumbe!" akasema. "Na hamkutoa taarifa?"

Jua halijafika utosini, mstari mzima ulikuwa unajua. Huko kilimani mtu aliumwa na chake. Hapa, shamba lilikuwa la wote, kisima cha wote, na kiuno cha Benedikta nacho kikaingia katika mali ya kijiji.

Wa kwanza kuleta dawa alikuwa balozi mwenyewe. Alikuwa na mafuta ya mbuni kutoka Mwanhuzi, yaliyohifadhiwa kwenye chupa tangu hakuna ajuaye lini. Benedikta alipakwa jioni. Jumapili mbwa wa kijiji chote wakamsindikiza kanisani, wakalala mlangoni wakimngoja, na katekista akalazimika kukatiza somo ili wafukuzwe.

Akafuata Bundala, fundi wa baiskeli ambaye pia alikuwa mpiga chuku. Alichanja, akabandika pembe za ng'ombe kiunoni, akazifyonza moja moja, kisha akamwonyesha Athanasi damu nyeusi. "Unaona? Ndiyo yenyewe hiyo. Mgongo wa mkeo ulikuwa umeshika kutu." Kwa siku kadhaa Benedikta hakuweza kuegemea kitu.

Wa tatu alikuwa Felisita, kiongozi wa akina mama wa Kikatoliki. Yeye alileta tofali. Lilichomwa motoni, likafungwa kwenye khanga, likawekwa mahali penye maumivu huku rozari ikisaliwa. Tofali lilikuwa zuri kwa kweli, lakini Felisita alisali polepole, na fumbo la nne lilipofika Benedikta alikuwa analia machozi ambayo wenzake walidhani ni ya toba.

Hakumkatalia mtu. Angemkataliaje jirani aliyekuja na moyo mweupe? Alimeza, alipakwa, alichanjwa, akasema asante. Usiku tu alimnong'oneza mumewe, "Baba Luhaga, nimechoka kuponywa kuliko ninavyochoka kuumwa."

Basi ikatokea asubuhi moja akaamka, kiuno kimetulia. Mambo ya kiuno ndivyo yalivyo. Kina siku zake, huondoka bila kuaga na hurudi bila hodi. Benedikta mwenyewe alilijua hilo kwa miaka mingi. Kijiji hakikulijua. Walimwona akienda shambani wima, akipalilia pamba na kucheka, na kabla ya wakati wa kunywa uji dawa tatu zikawa zinagombania ushindi.

"Mbuni huyo," akasema Mashimba, ameegemea jembe. "Mbuni hana mchezo."

"Mbuni gani?" Bundala akaruka. "Nani alitoa damu? Ulitoa damu wewe?"

"Nyamazeni nyote," akasema Felisita. "Mnamdhulumu Mama Maria."

Palizi ikasimama. Watu wakagawanyika, wa mbuni huku, wa chuku kule, wa tofali katikati wakiimba. Mwenyekiti wa kijiji, Ngeleja, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, akaona njia pekee ni kulipeleka shauri mkutanoni.

Mkutano ukakaa. Baada ya mbegu na ugawaji wa majembe, Ngeleja akatangaza, "Sasa tunafika kwenye kiuno." Waganga watatu wakasema maneno yao kwa zamu, kila mmoja akipigiwa makofi na watu wake. Mwisho mwenyekiti akageuka. "Mama Luhaga, simama utuambie wewe mwenyewe. Nani amekuponya?"

Benedikta alikuwa amekaa muda wote huo kwenye kigoda kifupi. Akajaribu kuinuka. Kitu kikamshika mgongoni kama mtu aliyechoma msumari na kuuacha humo, pumzi ikakatika, akabaki nusu ameinama, nusu amesimama, mkono mmoja hewani.

"Yoo mayu," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha Mashimba akakohoa. "Nilisema tangu mwanzo, chuku si kitu cha kuchezea."

"Chuku? Ni yale mafuta yako yaliyooza!"

"Mimi nilisali tu," akasema Felisita.

Athanasi hakungoja kura. Alimbeba mkewe mgongoni mbele ya mkutano mzima, na juma hilohilo akamtafutia nafasi kwenye lori la pamba liendalo Bariadi. Alipandishwa juu kabisa, kwenye magunia laini, na baadaye alisema hiyo ndiyo safari pekee ya maisha yake ambayo kiuno kiliifurahia kuliko yeye.

Tabibu aliyemwona hospitalini alikuwa kijana aitwaye Novatus. Alimpima, akamwinamisha, akamgonga magoti, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: akamuuliza. Kinauma zaidi akifanya kazi gani? Akilala vipi hupata nafuu? Anabebaje maji? Benedikta akajibu yote, mpaka akashangaa jinsi alivyokuwa anakifahamu kiuno chake.

"Mayu, sitakudanganya," Novatus akasema mwishoni. "Hakina kitu cha kukuua. Lakini kukwambia kitaisha, siwezi. Mtazeeka nacho."

Athanasi akainamisha kichwa. Benedikta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Miaka yote hiyo alikuwa anashindwa mtihani wa kupona, na leo kumbe mtihani wenyewe haukuwapo.

Novatus akampa vidonge vya siku mbaya, akamwonya asivile kama karanga. Kitambaa cha maji ya moto, ndiyo, moto usiounguza. Asilale kutwa, wala asiiname kutwa. Abadilishe kazi kabla kiuno hakijamwambia. Maji abebe kidogo kidogo. Na jembe liwe na mpini wa kumfikia yeye, badala ya yeye kulifuata chini.

Waliporudi, kijiji kilikuwa kinawangoja shambani. "Umepona?" Mashimba akauliza.

"Sijapona, baba. Na sitapona."

Balozi akakasirika kana kwamba ametukanwa. "Sasa umeenda kufanya nini Bariadi?"

Siku zile redio ilihimiza kilimo cha kufa na kupona, na Ngeleja alikuwa hapohapo akigawa mistari ya palizi. Akakwama alipofika kwa Benedikta. "Nawe tukuweke wapi, Mama Luhaga? Unajua mwaka huu ni wa kufa na kupona."

"Mwenyekiti, mimi sifi wala siponi," akasema. "Nipangie wangu katikati."

Watu walicheka hadi majembe yakawadondoka, na Ngeleja, baada ya kufikiri, akampangia: mstari nusu, kisha kuchambua mbegu, kisha mstari nusu.

Athanasi alimchongea mpini mrefu. Watu wakaliita jembe lake jembe la twiga, wakasema mwenye jembe hilo hulima akiwa amelala. Baada ya muda Felisita alikuja kuliazima, akidai anataka kulionyesha kwa shemeji yake, na halikurudi mpaka Athanasi akachonga lingine. Maji nayo Athanasi akaanza kuyachota kwa baiskeli. Wanaume walipomcheka alisema ni ya ndama, ingawa ndama alikuwa mmoja na safari zilikuwa nyingi.

Pamba ilipouzwa, ngoma ikapigwa. Benedikta alikaa na wanawake wakubwa, akipiga makofi, mpaka ukaja wimbo ambao aliucheza akiwa msichana. Athanasi akamwona anavua viatu.

"Mama Luhaga, kesho je?"

"Kesho nitalala na kitambaa changu na kidonge kimoja," akasema, akishika khanga vizuri. "Leo nipishe."

Akaingia uwanjani. Alicheza mabega na shingo, akakibembeleza kiuno kama mtu anayebeba mayai, na wimbo ulipokolea akakisahau kabisa, akakizungusha. Keshoye hakuinuka. Mashimba alipopita kumjulia hali, chupa yake ya mafuta ikiwa imefichwa nyuma ya mgongo, alimkuta chali kitandani, macho ameyafumba, anauvuma wimbo uleule wa jana.