Upinde wa Mwenye Shamba

Mwanaume wa kwanza kuniona nakata mkole kwenye makorongo ya chini ya kijiji chetu cha Daudi aliniuliza kama kuni zimeniishia nyumbani. Nikamwambia natafuta mti wa upinde. Akauliza upinde wa nani. Nikamwambia wa mwanamke mwenzangu. Alicheka hadi akajishikiza kwenye mti wa jirani, kisha akaenda zake bila kuaga, na kabla jua halijapanda vizuri habari ilikuwa imeshafika sokoni. Sikujali. Ukisubiri watu wanyamaze ndipo uanze kazi, utazikwa na tezo lako likiwa jipya.

Huyo mwanamke mwenzangu ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa shule Dongobesh, tukila ugali sahani moja na kuchapwa kwa makosa ya mmoja wetu. Alipoolewa Balangdalalu mimi ndiye niliyembebea sanduku. Mume wake alikuwa mtu mpole, mwenye shamba zuri la mahindi chini ya kilima chenye mawe, akaugua kifua, akafariki mwaka juzi. Watu wa msiba hawajarudisha hata masufuria ya kuazima, shemeji yake mkubwa alinyoosha mkono, akashusha upinde wa marehemu uliokuwa juu ya mlango, akaondoka nao.

Asiyejua mambo ya kule ataona kimechukuliwa kijiti. Lakini upinde juu ya mlango, kwa watu wa ukoo ule, maana yake nyumba ina mwenyewe na shamba lililo nyuma yake lina mlinzi. Ukishushwa na wewe ukanyamaza, umekubali. Rafiki yangu alikuwa kwenye majonzi, akanyamaza.

Nyani wa kile kilima nao hawakuhitaji barua ya mwaliko. Nyani anamjua mwanamke na anamjua mwanaume. Mwanamke akipiga kelele, anakaa juu ya jiwe, anamtazama, anaendelea kutafuna. Rafiki yangu alipiga debe, alirusha mawe, alifuga mbwa, mbwa akararuliwa. Msimu ule alivuna mabua. Ndipo shemeji wakaanza kuja mmoja mmoja, kwa sauti za upole, kumwambia kwamba shamba linaliwa kwa kuwa halina mlinzi, na kwamba ukoo utakaa kikao kabla ya kupanda ili ukabidhi shamba kwa wanaume. Yeye ataachiwa kipande nyuma ya jiko, apande mboga. Walisema mboga kama mtu anayekupa zawadi.

Alinipigia simu jioni moja. Nilitegemea kilio. Hakulia.

"Nitengenezee upinde," akasema.

Nikamwambia nitamtengenezea mmoja mzuri wa kutundika, shemeji wakiingia wauone.

"Wa kutundika wanauziwa wageni. Mimi nataka wa kupiga."

Niliona aibu kidogo, nikamwambia aje Daudi nimpime.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu, na hakunifundisha kwa sababu aliniona wa pekee. Kaka zangu walikuwa wanachunga, mimi nilikuwa jikoni, na kwetu upinde unatengenezwa jikoni kwa sababu unahitaji moshi. Alinipa kipande cha chupa akaniambia nikwangue, nikakwangua. Alipokuja kushtuka, mikono yangu ilikuwa imeshajua. Mambo mengi wanawake wanayoyajua wameyajua hivyo, watu wakidhani wanachochea moto.

Najua pia lile wanalosema, kwamba mwanamke akiuruka upinde, upinde unalegea. Pinde za baba zilikuwa zinalala sakafuni kati ya mafiga na rundo la kuni. Niliziruka asubuhi, niliziruka jioni, niliziruka nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Hakuna hata mmoja uliolegea. Baba aliniona nikiziruka na hakusema kitu, kwa kuwa alitaka chai.

Kwa baba, jambo kubwa lilikuwa kipimo. Upinde hautengenezwi kwa ajili ya wanaume au kwa ajili ya wenye nguvu. Unatengenezwa kwa mkono wa mtu mmoja. Ukishauchonga unaufundisha: unauvuta kidogo, unaangalia ubavu gani ni mkaidi, unakwangua hapo, unauvuta tena, hadi ufike pale mkono wa mwenyewe unapoishia. Hapo unaacha. Akija mwenye mkono mrefu akauvuta kupita hapo, utavunjika, na kosa ni la mvutaji.

Kosa hilo lina adhabu yake, na hiyo niliiona mwenyewe nikiwa mtoto, kwa sababu aliyeadhibiwa alikuwa baba. Alivunja upinde wa jirani akiwa anajionyesha mbele ya watu kwenye pombe. Akaulizwa amevunja upinde wa nani. Kila mtu alikuwa anajua, lakini lazima uulizwe, na lazima ujibu kwa mdomo wako. Kisha hulipi ng'ombe wala mbuzi. Unakwenda mwenyewe kukata mti mwingine, unaubeba begani njia kuu mchana, unaupeleka hadi mlangoni pa mwenye upinde. Baba alipita nao mbele ya shule yetu. Nilijificha chooni.

Rafiki yangu alikuja Daudi. Ni mfupi, mikono yake mifupi na minene kutokana na jembe. Nilimpima kwa kamba, nikafunga fundo pale mkono ulipoishia, nikaitia kamba ndani ya Biblia, maana hapo ndipo mahali pekee nyumbani kwangu ambapo wajukuu hawachokonoi. Mti niliumenya gamba, nikaupaka mafuta ya kondoo usipasuke, nikauweka kwenye uchaga juu ya moto. Ukakaa hapo nikiuza vitunguu saumu vyangu na kupalilia, ukawa mweusi wa moshi na mwepesi mkononi.

Siku hizo nilitembelewa. Alikuja mama mmoja wa kwaya, akanywa chai yangu, akaniuliza kwa upole kama kazi ile inamfaa mama wa Kikristo. Nikamuuliza kama nyani wanaokula mahindi ya mjane wamebatizwa. Akaja jirani kusema ninamfundisha mwenzangu kushindana na ukoo wa mume wake. Huyo nilimwambia ndiyo, namfundisha, na kama na yeye ana shamba linalotamaniwa na watu aniletee kamba. Hakurudi. Mtu pekee ambaye hakunichosha ni mwenye bucha wa Dongobesh, mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alinunua ng'ombe kwa baba yangu. Nilimpa shikamoo, nikamwomba kano za mgongo wa dume kwa ajili ya upote, ile kamba ya upinde. Alizifunga kwenye karatasi, akasema tu nisizianike juani zitakauka haraka na kukatika. Alikuwa anasema kweli, nikazianika kivulini, nikazichana nyuzi, nikazilowanisha, nikazisokota pajani hadi ngozi ikawaka.

Upinde ulipokamilika nilikwenda nao Balangdalalu nikauvisha upote mbele yake. Mishale tuliitengeneza wote, yenye vichwa butu vya mbao, vya kuumiza na si kuua, maana nyani ni mali ya serikali hata akiwa ndani ya mahindi yako. Tulitundika gunia la maganda, akalipiga akalikosa, akalipiga akalikosa, kidole kikatoka malengelenge. Hakusema amechoka. Mahindi ya msimu mfupi yalipoanza kukomaa nyuma ya nyumba, dume la nyani lilishuka kama kawaida yake, likakaa juu ya jiwe, likamtazama. Mshale ulimpata kwenye tako. Alinisimulia kwa simu akicheka hadi akakohoa. Anasema yule dume alimwangalia kama mtu aliyetukanwa na mke wake mbele ya wageni, kisha akaondoka na ukoo wake wote. Walirudi, wakapigwa tena, wakahamia upande mwingine wa kilima.

Basi kikao kikafika. Nilikwenda, bila kualikwa, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Walikuwepo shemeji wawili, majirani kadhaa, na mzee wa ukoo ambaye mambo yote yalikuwa yameshapikwa nyumbani kwake kabla hajafika. Ilionekana usoni. Alipokea shikamoo zetu akitazama birika la chai. Alikuwa anataka tumalize.

Shemeji mkubwa alianza na shamba lisilo na mlinzi. Rafiki yangu akamjibu bila kuinuka kwamba mlinzi yupo, akaelekeza kidole juu ya mlango. Wote wakainua macho. Nadhani walikuwa wamepita chini ya upinde ule bila kuuona, kwa kuwa hawakutegemea kuona kitu. Shemeji mkubwa akacheka. Ni mtu mrefu, mikono yake inafika magotini. Akausogelea, akaushusha, hakuhitaji hata kigoda, akauvisha upote, akawaonyesha wenzake jinsi ulivyo mfupi. Alisema ni wa kuchezea watoto.

"Shemeji, uache," rafiki yangu akasema. "Umepimwa kwa mkono wangu."

Hilo ndilo lililomponza. Angeambiwa uache tu, labda angeuacha. Akasimama katikati ya chumba, akauvuta, ukafika pale ninapopajua mimi, akaendelea kuvuta hadi sikioni.

Ulivunjika kwa sauti kavu. Kipande kimoja kiligonga kalenda ya kanisa ukutani, kingine kilibaki mkononi mwake kikining'inia kwenye upote. Niseme ukweli, nilitaka kumpiga. Miezi yangu yote ya moshi na kukwangua ilikuwa sakafuni, na pale juu ya mlango palikuwa patupu tena kama siku ya msiba. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anakitazama kipande kilichoanguka chini ya kalenda.

Yule mzee aliweka kikombe chini. Sidhani kama alikusudia kumsaidia mtu. Alikuwa mzee, amekaa kwenye vikao maisha yake yote, na upinde ukivunjika mbele yake kuna neno linalotoka lenyewe.

"Umevunja upinde wa nani?"

Shemeji akaangalia kipande mkononi. Akasema wa marehemu.

"Wa marehemu uko kwako, ulikuja kuuchukua wewe," mzee akasema. "Huu ni wa nani?"

Akasema ni wa hapa nyumbani. Mzee akamwambia nyumba haina mkono wa kuvutia upinde. Shemeji mdogo alianza kukohoa kana kwamba amepaliwa. Mimi nilikuwa nimeshaelewa tunakoelekea, na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha mbaya, ile ya kumwona mtu anazama kwenye tope alilolichimba mwenyewe. Shemeji aligeuka huku na huku, akaona hakuna pa kutokea.

"Ni wa shemeji," akasema. Akaulizwa shemeji yupi. "Huyu. Mwenye shamba."

Hakuna aliyemlazimisha kuongeza hayo mawili ya mwisho. Yalimtoka tu, kwa kuwa upinde na shamba katika mdomo wa watu wa kule vinatembea pamoja, na aliyeshika kimoja ameshika vyote. Alipoyasikia mwenyewe alikaa chini. Mzee alimtazama, akanitazama mimi, nikamrudishia macho, jambo ambalo najua si adabu. Kisha akasema mvunjaji anajua la kufanya, na kikao cha mambo mengine hakioni tena la kujadili. Akaomba fimbo yake. Chai yake aliimaliza akiwa amesimama.

Wapo walioniambia baadaye kwamba tulishinda kwa bahati. Si bahati. Mti ulichongwa ukomee pale mkono wa mwanamke unapokoma, na mwanaume akakataa kuamini kwamba mkono wa mwanamke unaweza kuwa kipimo cha kitu. Na tungeshindwa siku ile, tungerudi siku nyingine na upinde mwingine.

Shemeji alikata mkole na kuubeba begani, akapita nao katikati ya mnada mchana, watu wakimsalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Rafiki yangu alinipigia simu mti ukiwa mlangoni, akaniuliza aangalie nini. Nikamwambia apitishe kiganja toka juu hadi chini atafute mafundo. Nikasubiri kwenye simu. Yakapatikana matatu, tena makubwa. Nikamsikia akimwambia shemeji yake kwa heshima zote kwamba asante, ila mti huu haufai, akatafute mwingine. Ikabidi apite tena mnadani, kwenda na kurudi.

Wa pili ulikuwa mnyoofu. Niliutengeneza kwa kamba ileile iliyokuwa ndani ya Biblia, sikuongeza hata unene wa ukucha ili kumridhisha mtu yeyote. Sasa uko juu ya mlango wake Balangdalalu, na mwaka huu amevuna mahindi ya kuwauzia mpaka watu wa ukoo. Anayetaka kujua lile shamba ni la nani aende akasimame pale mlangoni, atazame juu. Asiguse.