Kinga ya Mashine ya Magunia

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha magunia cha Mahajanga, Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini, sikupewa hata bisibisi. Nilipewa kitambaa na chupa ya mafuta, nikaambiwa nifute cherehani moja baada ya nyingine mpaka nizijue kwa kuzigusa. Nilinuna kweli. Nilikuwa nimetoka mtaani Tanambao na shati lililopigwa pasi, nikidhani fundi ni mtu wa kufungua na kufunga. Nyumbani tulisema Kingazija. Kiwandani kazi ilikwenda kwa Kimalagasi, na amri zilishuka kwa Kifaransa.

Cherehani ya magunia si hii ya mshona nguo mnayoiona barazani. Sindano yake ni nene kama msumari mdogo, uzi wake hupakwa nta, na meno yake ya chini, yale yanayosukuma gunia, hayana huruma. Mbele ya sindano hufungwa kipande cha chuma kwa skrubu mbili. Hiyo ndiyo kinga, kidole kisiingie.

Mkuu wa karakana, tuliyemwita Shefu, alikuwa na maneno machache na saa mbili, moja mkononi na moja mfukoni. Lakini aliyenifunza kazi hasa ni mshonaji, Bweni Mwanaisha. Bweni, kwetu Wangazija, ni bibi wa kuheshimiwa. Wanawake wa pale walikuwa na desturi yao: fundi akigusa mashine, gunia la kwanza analishona yeye mwenyewe, mwenye mashine akiwa amesimama kando. Fundi akikataa, hakuna anayekaa.

"Mkono wako kwanza, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Wangu una kazi."

Mwaka wangu wa tatu yakaja magunia yenye pindo nene. Pindo likikwama kwenye kinga, mashine inasimama. Asubuhi moja Shefu akaja mpaka kwenye mashine ya Bweni.

"Toa hicho chuma."

"Shefu, kuna vidole hapa."

"Vidole vina mwenyewe. Toa."

Nikazifungua skrubu, yeye amenisimamia na saa zake. Kisha nikasogea, nikamwonyesha Bweni kiti. Gunia la kwanza sikulishona. Alinitazama kidogo, akakaa. Kabla ya adhuhuri pindo lilivuta mkono wake, sindano ikapita kwenye kidole cha shahada. Hospitali wakakikata.

Jioni Shefu alinitamkia taarifa, mimi nikaandika: "Mshonaji hakuwa makini." Tukatia saini sote wawili. Bweni aliachishwa kazi, akahamia kwa binti yake Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Mimi niliona aibu, nikaimeza, na baada ya muda nikapanda cheo.

Kitengo chetu kilipofungwa, mashine zilipelekwa kwa lori hadi bandari ya Antsahampano, zikavushwa kwa tishari mpaka kisiwa cha Nosy Be, kwenye kiwanda cha sukari. Nikazifuata nikiwa msimamizi wa karakana. Nilikagua kinga za mashine zote, nikazikaza. Ile ya Bweni tu sikuirudishia yake, wala sikuruhusu mtu aitumie. Mkurugenzi wa huko, mtu mpole, aliniuliza ina ugonjwa gani. Nikamwambia imezeeka.

Miaka ikaenda, kiwanda nacho kikafa, nami nikastaafu. Mji ukafungua jumba dogo la makumbusho. Mhifadhi wake, binti mmoja wa Kisakalava, alizikusanya cherehani zetu, akaniomba nimsaidie kuandika kadi za maelezo.

"Baba, hii ina matundu mawili ya skrubu na hakuna kitu. Niandike kilianguka kwa uzee?"

Ningeitika, nani angejua? Nikamwomba anipe wiki mbili. Nikasafiri hadi Mahajanga, nikapanda feri ya Katsepy.

Bweni alikuwa kwenye mkeka, ungo mapajani, akichagua mchele kwa vidole vyake tisa. Nikamweleza yote: amri, gunia la kwanza, taarifa, saini yangu. Nikamwomba radhi. Hakuacha kuchagua.

"Kinga nilikuona ukiitoa. Mimi si kipofu."

"Mbona basi ulikaa, Bweni?"

"Ningekataa, Shefu angekufukuza palepale, na mkeo alikuwa na mimba. Nikasema nitashona polepole." Kisha akauweka ungo chini. "Hilo la mkono wako kwenye taarifa ndilo nalisikia leo. Miaka yote nilidhani ni Shefu aliyeandika."

Mjukuu wake akaleta chai, na chai ikapoa.

"Basi kaandike upya," alisema.

Vijana huniuliza kazi imenifunza nini. Najua kusikia sindano iliyopinda nikiwa chumba cha pili, na najua kuwa saini ni nyepesi kuitia kuliko kuifuta. Kadi niliiandika mwenyewe, yenye jina lake kamili na jina langu, na kabla haijatundikwa nikaipeleka Katsepy nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, palipoandikwa: "Mshonaji alikuwa makini."

"Hapo," alisema. "Soma tena."

Nikasoma tena. Akaniambia tena.