Sifa Zangu Ndani ya Pikipiki

Mimi ni fundi wa majahazi, jamani. Ulimi ndio ulioniponza. Pikipiki ya daktari Mwingereza, aliyekuja Kilindoni Wadachi walipoondoka, iliharibika. Nikajigamba kwamba chombo ni chombo, nikaifungua injini yote, nikaifunga upya.

Jana shemeji yangu akaja mbio kutoka Kirongwe: mama mkwe amevimba shavu kwa jino, siku ya tatu hali wala halali. Daktari akapanda pikipiki. Haikuwaka. Nikachomoa plagi nikaisugua. Cheche ikaruka vizuri. Nikabadilisha petroli. Tukaisukuma mpaka pwani na kurudi, kimya! Jasho linanitoka, shemeji hatulii, nami nalaumu petroli, nalaumu mashetani.

Mwisho daktari akachutama, akatia koleo kwenye tundu la kuvutia hewa, akavuta utambi mrefu wa pamba.

"Fundi, nini hii?"

Nikajitetea. Sisi wajenzi wa vyombo hatuachi tundu wazi. Nililiona, nikalitia kalafati: pamba iliyolowa mafuta ya papa, yale tuyaitayo sifa.

Shemeji akainusa. "Ala! Kumbe sifa zako zote, shemeji, umezishindilia humu!"