Goti la Mwenzangu

Nilikuja Guangzhou, China, kusomea miamba ya dhahabu. Ndivyo nilivyomwambia baba, na ndivyo alivyowatangazia watu kanisani kwetu Makambako. Lakini mwaka wa kwanza haujaisha, mwalimu wangu, bwana mkimya aliyekwenda Aktiki kila kiangazi, alinipa matope yaliyochimbwa chini ya barafu niyapime. Nikayapenda. Barafu ilikuwa imeyasaga kwa maelfu ya miaka, na mimi hata theluji sikuwahi kuiona.

Maabarani tulikuwa Watanzania wawili. Mwenzangu alitoka Kigoma, mcheshi, mwelewa kuliko mimi. Kila Jumamosi tulipanda Mlima Baiyun na mabegi yaliyojaa chupa za maji, tukijizoeza, maana mwalimu alisema kule Aktiki hakuna wapagazi. Kusimamisha hema na kusoma ramani nilifundishwa na yeye. Siku moja tukishuka, alikaa kwenye ngazi akalishika goti lake.

"Niliumia mpirani zamani," akasema. "Usimwambie mtu, dada."

"Nimwambie nani?"

Nafasi ya safari ikatoka moja. Mwalimu aliniita ofisini, akaniuliza bila kuinua macho, "Kati yenu, nani ataweza kutembea juu ya barafu wiki sita?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Mwenzangu goti linamsumbua."

Nikaenda mimi. Nililala kwenye hema lililopigwa na upepo usiokoma, nikachimba matope kwa mikono iliyokufa ganzi. Nilifurahi, sikatai. Niliporudi, kiti chake maabarani kilikuwa na mtu mwingine; alikuwa ameacha masomo. Nilimkuta Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kwenye mgahawa unaouza ugali, akiwatafsiria Kichina wafanyabiashara wawili kutoka Mbeya.

"Mwalimu aliniambia sababu," akasema, tena kwa upole. "Ungeniomba tu, dada. Ningekuachia."

Nikaanza kumtaka radhi. Akainua mkono kunizuia, akawageukia wateja wake.

"Huyu tulisoma pamoja," akawaambia, kisha wakaendelea na habari za vitambaa.

Siku hizi watu huniita mtaalamu wa barafu. Nimerudi Aktiki mara tatu, na nimezoea kulala nje kuliko kitandani. Tukikutana Xiaobei hunisalimia kwa adabu, kama anavyomsalimia mteja yeyote, na kuniuliza habari za nyumbani. Habari za barafu hajaniuliza hata siku moja.